Mahindi Yangu, Shamba la Ukoo

Shikamoo Somo,

Mimi ni mama wa watoto watatu. Naishi Malindi, upande wa Kakuyuni, kwa wakwe zangu. Mume wangu ni utingo wa lori Mombasa. Huja mwisho wa mwezi, na mwezi mwingine haji. Mimi nilikuwa msafishaji vyumba katika hoteli moja ya ufuoni, wageni walipopungua tukapunguzwa na sisi. Nikaona badala ya kukaa kungoja simu ya hoteli, nishike jembe.

Baba mkwe, Mungu amrehemu, aliacha ekari sita. Mavyaa hulima ekari moja tu, mahindi yake ya kienyeji, mdzihana, na kunde, na tangu niolewe sijamwona akiuza hata debe moja. Nilimwomba ekari mbili, akanipa kwa moyo mkunjufu. Nikapanda mbegu ya dukani, PH4, masika ya mwaka jana.

Somo, nimeandika kila kitu kwenye daftari la mtoto. Trekta 7,000. Mbegu 5,000. Mbolea ya ruzuku mifuko minne, 10,000. Vibarua wa palizi mbili, 10,000. Dawa ya viwavi 3,000. Kuvuna, kupukuchua na magunia 5,000. Jumla 40,000, na nyingi ilikuwa pesa ya chama.

Nilivuna magunia 18 ya kilo 90. Nilimshukuru Mungu, na hata mavyaa alifurahi, maana yeye ndiye aliyekuwa akishinda kwenye dungu na kombeo lake kuwafukuza nyani wanaotoka msituni Arabuko-Sokoke. Furaha ikaishia hapo. Manne yalipanda lutsaga yake, lile dari la kuwekea nafaka juu ya meko, bila mtu kuniuliza. Mawili yalisagwa kwenye matanga ya ami yake mume wangu. Matatu tumekula mimi na watoto. Mawili hata sijui yalivyokwenda: debe la wifi, kikapu cha shangazi, mfuko wa jirani aliyesema "nitakurudishia nikivuna". Na hapo sijataja mahindi mabichi, maana watoto wa ukoo mzima waliingia shambani na kiberiti.

Nikabaki na saba. Dalali alikuja mwezi wa nane akanipa 3,000 kwa gunia, nikauza, kwa sababu chama kilikuwa kinadai na shule zinafungua. Nimetia 40,000, nimeshika 21,000. Mwezi wa tatu nikaenda sokoni nikakuta gunia ni 4,500. Nimechumia juani, kivulini wanakula wengine.

Sasa masika inakuja tena. Mwenzangu wa chama amenionyesha shamba la kukodi kando ya mto Sabaki, ekari moja, 8,000 kwa msimu, na mashine ya kuvuta maji ipo ya kukodi pia. Anasema niachane na mahindi makavu, nipande ya kuuza mabichi kwa wachomaji wa mjini, na kwamba hindi moja shambani haliendi chini ya shilingi 8. Chama kiko tayari kunikopesha 60,000. Lakini mume wangu amesema, "Mke wangu akodi shamba na sisi tuna shamba? Watu watasema tumegombana." Mavyaa nilipomgusia habari ya kuuza, alinijibu bila kuinua macho: "Chakula hakitoki nyumbani mpaka mvua nyingine inyeshe."

Simchukii mavyaa wangu. Amenilelea watoto nikiwa kazini hotelini. Lakini nikiendelea hivi nitakuwa mkulima wa ukoo asiye na mshahara. Nikodi nimuudhi mume? Nibaki? Ama niache mahindi niuze mitumba?

Na kingine kidogo: mavyaa amechagua mahindi yangu makubwa makubwa akayafunga kwa maganda yake, ameyatundika kwenye moshi yawe mbegu. Hiyo ni sawa?

Mimi mkaza mwana, Kakuyuni

SOMO ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma na kalamu mkononi, maana umenipa hesabu. Wengi hunipa machozi peke yake, nami hubaki kubahatisha.

Nikikuelewa sawasawa, una maswali mawili uliyoyafunga kwenye pindo moja la kanga. La kwanza ni kama mahindi yanalipa. La pili ni kama mkaza mwana anaweza kufanya biashara ya chakula kwenye shamba la ukoo. Ukiyaacha yamefungwa pamoja, utahama shamba kwa kosa la dalali, ama utakosana na mavyaa kwa kosa la bei.

Basi tuanze na daftari. Unasema umetia 40,000 ukashika 21,000, na moyoni umeandika hasara ya 19,000. Lakini magunia 18, kwa bei ile ile ya dalali, ni 54,000. Shamba lilirudisha pesa yako na 14,000 juu yake. Tena magunia 9 kwa ekari, kwa mchanga wetu huu wa pwani, si haba. Wapo wanaotoa manne au matano na kushukuru. Kwa hiyo mkulima mbaya wewe si.

Sasa yale 11 yasiyouzwa. Matatu mmekula wewe na wanao. Hayo yasingekuwepo ungebeba pesa kwenda kununua unga, kwa hiyo usiyaweke kwenye safu ya yaliyopotea. Manne yalikwenda kwa mavyaa, na hapa nataka nikuulize kwa upole: nani alikuwa kwenye dungu? Ungelipa mtu kulinda ekari mbili kuanzia mahindi yanapotoa ndevu hadi yanapokauka, ungemlipa ngapi? Na ardhi ungelipia ngapi? Ekari moja ya mtoni umeambiwa 8,000, najua ile ina maji na hii haina, lakini hata nusu ya bei hiyo si bure. Manne kwa 3,000 ni 12,000. Sisemi alifanya vyema kuyapandisha bila kukuuliza. Nasema ukiyahesabu kama kodi ya shamba na mshahara wa mlinzi, huenda yasikuume kama yanavyokuuma sasa ukiyaita yaliyochukuliwa.

Yanabaki manne: mawili ya matanga na mawili ya vikapu. Hayo ndiyo ugomvi wako wa kweli na ukoo, 12,000. Halafu tazama yale saba uliyomuuzia dalali kwa 3,000 na baadaye yakafika 4,500. Tofauti yake ni 10,500. Yaani haraka ya kulipa chama imekugharimu karibu sawasawa na shangazi, wifi, jirani na marehemu wote kwa pamoja. Ila dalali hakuja na kikapu, alikuja na noti, ndiyo maana hukumkasirikia.

Nisikudanganye, lakini, kwamba kuweka ghalani ni pesa ya hakika. Sisi tunavuna mwezi wa nane au wa tisa. Kitale na Eldoret wanavuna kuanzia mwezi wa kumi, na malori yao yakishuka pwani bei inaweza kutulia au kuanguka hadi baada ya mwaka mpya. Anayeweka mahindi yake Agosti ili auze Novemba mara nyingi hukutana na malori hayo njiani. Anayeweza kungoja hadi mwezi wa tatu, wa nne, wa tano, huyo ndiye ana nafasi, na hata yeye serikali ikiruhusu mahindi ya nje yaingie kwa wingi anaweza kushangaa. Kwa hiyo kabla ya kuwaza ghala, waza mkopo. Pesa ya chama inayodaiwa mwezi wa nane haiwezi kulima mahindi ya kuuzwa mwezi wa tatu. Waulize wenzako kama mkopo wa kilimo unaweza kuwa na tarehe nyingine, hata kama ni sehemu yake tu.

Na ukiweka, ukaushe kweli. Gunia la mahindi yenye unyevu lina hatari kuliko fukusi. Mwaka 2004 kule Ukambani watu zaidi ya 100 walikufa kwa kula mahindi yenye sumu kuvu, na huwezi kuijua kwa macho wala kwa kuonja. Kiwango kinachotakiwa ni unyevu usiozidi asilimia 13.5. Kama huna kipimo, chukua chupa kavu ya kioo, tia punje hadi robo yake, ongeza chumvi kavu vijiko viwili vitatu, funga, tikisa vizuri, kisha iache itulie. Chumvi ikiganda kwenye ukuta wa chupa, rudisha mahindi juani kwenye turubai. Ikishuka yote chini, yamekaribia. Ila ianike chumvi yenyewe kwanza. Viwanda vya Gongoni havituishii chumvi, lakini hewa yetu ya bahari huilowesha hata ikiwa kabatini. Yakishakauka, yapo yale magunia yasiyopitisha hewa, yenye mifuko ya plastiki ndani, ambayo dumuzi na fukusi hufia humo humo bila dawa. Yanagharimu zaidi ya gunia la kawaida na panya akiyatoboa hayana kazi tena.

Sasa mavyaa. "Chakula hakitoki nyumbani mpaka mvua nyingine inyeshe." Wewe umesikia kukataliwa. Mimi nimemsikia mtu aliyeona mvua ikikosa msimu baada ya msimu kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi 2022, Magarini na Ganze mifugo ikafa na watu wakapanga foleni ya chakula cha msaada. Kwake, anayeuza mahindi Agosti ni mtu asiyejua vuli itasemaje. Naye hajakosea, tena wewe mwenyewe ulirudi sokoni mwezi wa tatu. Nyinyi wawili mnakubaliana zaidi kuliko mnavyojua: yeye hataki yatoke mapema kwa sababu ya njaa, wewe hungetaka yatoke mapema kwa sababu ya bei.

Huenda hapo ndipo pa kuanzia mazungumzo, na yaanze kabla trekta haijaingia. Kwa mfano, mnaweza kupanga fungu lake lijulikane tangu mwanzo, magunia matatu au manne, litolewe la kwanza na kwa heshima, kwa mkono wako mwenyewe. Ama mgawe ardhi: nusu ekari ya nyumbani ambayo yeyote mwenye kikapu aende huko, na ekari moja na nusu ambayo ni ya daftari. Wapo pia wanaowaambia jamaa waziwazi waje siku ya palizi, kama wasemavyo wazee, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Utashangaa ndugu wanavyopungua.

Lakini kila moja lina sumu yake. Kumtajia mavyaa idadi kunaweza kusikika kama unampimia chakula katika shamba la mumewe. Nusu ekari ikiliwa ikaisha, watakuja kwenye ile nyingine, na siku hiyo utahitaji uso mkavu, sijui kama unao. Na kubwa kuliko hayo: siku shamba litakapoonekana linalipa, mashemeji waliokuwa hawajui hata mpaka ulipo watakumbuka kwamba baba yao aliacha ekari sita. Hujaniambia kama ardhi imegawanywa wala kama hati iko kwa jina la nani. Ulizia hilo taratibu, kupitia kwa mume wako, kabla hujatia mbolea ya mwaka wa tatu.

Kuhusu matanga, mwanangu, sina dawa. Matanga yatakuja na mahindi yatasagwa. Labda uyatenge kwenye hesabu mapema kama unavyotenga dawa ya viwavi.

Tuje mtoni. Mwenzako amekupigia hesabu ya hindi moja moja, naijua hiyo. Ekari moja, ukipanda sentimita 90 kwa 30 mche mmoja kila shimo, ni miche kama 15,000. Mara shilingi 8, ni 120,000. Hesabu hiyo haina nyani, haina mwizi wa usiku, haina kiwavi jeshi aliyetuingilia mwaka 2017 na hajaondoka, haina mahindi yenye meno matatu. Haina petroli ya mashine. Wala haina kiboko, na Sabaki ina viboko na mamba, kwa hiyo fikiria pia ni nani atakayekuwa akishuka kuchota au kuweka bomba alfajiri. Mahindi mabichi vilevile hayakungoji. Yakishapata utamu wake una siku chache, na mnunuzi anazijua kama wewe. Akichelewa makusudi siku tatu, bei ni yake.

Ila biashara yenyewe ipo, sikatai. Kiangazi mchomaji wa mjini anatafuta hindi bichi halipati, na mwenye maji ndiye mwenye bei. Pia mahindi mabichi yana faida ambayo mwenzako hakuitaja, nayo ni kwamba yanauzwa yakiwa shambani kwa siku mbili tatu, hayapiti kwenye lutsaga ya mtu. Ndiyo maana nakuuliza: kwa nini ukodi sasa? Masika kila mtu ana hindi bichi, hata mavyaa. Na Sabaki ni maji ya mto Athi, yanatoka huko juu Nairobi na Ukambani. Unaweza kulala Kakuyuni hapajanyesha tone ukaamka mto umepanda shambani. Wa Garashi, kando ya mto huo huo, watakusimulia El Niño ya mwisho wa 2023. Shamba la mtoni linaonyesha thamani yake Januari hadi Machi. Kama mwenye shamba anataka 8,000 zake mwezi huu, pengine yeye anajua kitu kuhusu mwezi wa tano.

Ukija kukodi, iwe sasa au baadaye, iandikwe, na mashahidi, hata kama mwenye shamba ni mtu wa msikitini. Watu hubadilika wakiona mahindi yamesimama. Na utazame kama lazima iwe ekari nzima na 60,000 za wanawake wenzako. Ukishindwa, watakaokudai si benki, ni watu mnaokutana kisimani. Nusu ekari kwa pesa yako ingekupa jibu polepole zaidi, ingawa kodi ya mashine haigawanyiki nusu na faida yake inaweza isitoshe hata nauli. Hayo ni ya kupima wewe.

Mitumba umeitaja kwa hasira, nami nimeipita.

Anabaki mume wako. Hujaniambia kama ameliona daftari. Mtu wa barabarani anajua mzigo na kilomita. Mwonyeshe magunia 18 yalivyosafiri, moja moja, na yalikoshukia. Si usiku anaofika, amechoka. Kesho yake baada ya chai. Aibu anayoiogopa ni kwamba watu watasema mmegombana. Muulize kama atakuwa tayari yeye kuzungumza na mama yake kuhusu fungu na mipaka ya ekari, maana maneno hayo yakitoka kwa mwana ni mpango, yakitoka kwa mkaza mwana ni kiburi. Akikubali, huenda haja ya kukodi ikapungua. Akikataa yote mawili, kukodi na kuzungumza, basi atakuwa amekuachia kazi bila kukuachia njia, na hilo linastahili kikao cha peke yake. Pengine yuko mzee wa kwao anayemsikiliza. Ukipenda niandikie tena baada ya hapo.

Mbegu ya kwenye moshi: PH4 ni mbegu chotara. Ukipanda punje zake tena hazitazaa kama mama yao, mashina yatatoka marefu na mafupi na mavuno yatashuka. Mdzihana wa mavyaa ndio unaorudiwa mwaka hadi mwaka, hata ile Coast Composite ya zamani inarudiwa, lakini hii ya pakiti hununuliwa kila msimu. Mwambie sasa, kabla hajaipanda, na umwambie yale aliyoyatundika yanafaa kwa sima kabisa. Asipojua, mwezi wa nane atasema mbegu yako ina mkosi, na maneno hayo yatafika kwa wifi kabla ya magunia.